Je, wajua kwa nini boksi hubonyea bila kuguswa na tone la maji?

Muulize mwenye stoo yeyote wa Kirumba au Nyegezi, jijini Mwanza, ni nini kinachoua maboksi yake, atakutajia mawili: uzito uliopasua kitako, au bati lililovuja. Ndiyo maana dawa ya kwanza huwa solotepu. Kitako kinabandikwa, kinarudiwa, kinapigwa msalaba, kisha kinaongezwa mzunguko mmoja wa kujiridhisha. Miezi kadhaa baadaye boksi limebonyea chini ya wenzake, ubavu umetoka nje, na kitako chenyewe, kile kilichotibiwa, ni kizima kabisa.

Kitako hakikuwa na ugonjwa. Boksi likiwa limetulia sakafuni, kitako chake kinabebwa na sakafu. Kinapata kazi siku unayolinyanyua tu. Siku nyingine zote mzigo wa juu unashuka kupitia kuta, na sehemu yake kubwa inapitia kwenye pembe nne. Katikati ya ukuta ni rahisi kupinda kwenda nje au ndani. Pembeni kuta mbili zimeshikana na kila moja inaizuia nyingine isikimbie. Solotepu ya kitako, kwa hiyo, ni maandalizi ya kuhama nyumba, si ya kukaa. Mkanda wa kuzunguka kiunoni unasaidia kidogo pale nguo zilizoshindiliwa zinaposukuma kuta kwa ndani, basi.

Kosa la pili liko kwenye upangaji. Wengi hupishanisha maboksi kwa mtindo wa fundi ujenzi, la juu likikalia mawili ya chini, kwa imani kwamba mlundo umefungamana. Hauyumbi, ni kweli. Lakini pembe za boksi la juu sasa zinasimama juu ya katikati ya kuta za chini, mahali palipo dhaifu kuliko pote, na nguvu ya mlundo huweza kushuka hadi karibu nusu. Pembe juu ya pembe ndiyo kanuni, hata kama mlundo unaonekana wa kivivu.

Sasa maji. Boksi la kawaida ni karatasi mbili bapa zilizobana karatasi ya tatu yenye mawimbi. Hati ya kwanza ya kulinda ubunifu wa karatasi ya mawimbi ilitolewa Uingereza mwaka 1856, na kusudi lilikuwa kuweka bitana ndani ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871 Albert Jones wa Marekani akaitumia kufungia chupa, na 1874 Oliver Long akaongeza karatasi bapa pande zote mbili. Karatasi hizo zote zimetengenezwa kwa nyuzi za miti, na nyuzi hizo zinapenda maji kupita kiasi.

Hapa dagaa wanaeleza vizuri kuliko mtu wa maabara. Dagaa aliyekauka sawasawa ukimkunja anakatika, ka! Mwache wazi wiki ya masika, ndani ya nyumba, pasipo tone lolote kumgusa. Ukimkunja sasa anapinda kama mkanda. Hakunyeshewa, amekunywa hewa. Na huwezi kumjua kwa macho, kwa sababu rangi na umbo ni vilevile, mpaka umkunje. Boksi hufanya hivyohivyo. Nyuzi zake zimeshikana kwa vifungo vidogo mno, na mvuke wa hewani hujipenyeza katikati ya vifungo hivyo na kuvilegeza kimoja kimoja. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, karibu asilimia 8 ya uzito wa boksi ni maji tayari. Unyevu ukipanda hadi 90, maji hayo hupita asilimia 15, na uwezo wa boksi kubeba mzigo hushuka kwa takriban nusu. Kwa macho boksi ni kavu, na ukiligusa utaapa ni kavu.

Ongeza muda. Boksi linalobeba kilo 100 kwa dakika chache za kipimo cha kiwandani halitabeba kilo hizo kwa miezi. Kwa miezi mitatu, hata hewa ikiwa kavu, mwenye busara hulibebesha karibu nusu tu. Karatasi iliyo chini ya mzigo haitulii, inaendelea kusogea polepole.

Na kuna jambo la ajabu zaidi. Ungedhani hewa yenye unyevu mwingi muda wote ndiyo adui mkubwa. Vipimo vilivyochapishwa tangu miaka ya 1970 vinaonyesha kwamba karatasi yenye mzigo husogea haraka zaidi unyevu unapopanda na kushuka kuliko unapobaki juu palepale. Yaani kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, kunachosha kuliko kulowa moja kwa moja. Wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo hasa, na majaribio mengi yamefanywa kwa karatasi na maboksi mapya, si boksi la sabuni lililokwisha kusafiri kwenye lori na kukaliwa na utingo. Hata hivyo, tazama stoo ya Mwanza: mchana bati linachemka na hewa ya chini yake inakauka, usiku inapoa na unyevu unapanda, kila siku ya Mungu. Ni vigumu kubuni mahali pa kulichosha boksi vizuri zaidi ya hapo.

Kwa hiyo uimarishaji wenye maana unaanzia pembeni. Kata vipande vya boksi jingine, vikunje kwa umbo la pembe, uvigandishe ndani ya kona zote nne. Mawimbi yasimame wima: tazama ukingo uliokatwa, vile vitundu vidogo vielekee juu na chini. Ukivilaza umeongeza uzito tu. Urefu wa kipande ulingane kabisa na kimo cha ndani cha boksi, kwa sababu kikipungua hata kidogo hakigusi kifuniko, na kisichogusa kifuniko hakibebi kitu. Gundi nyeupe ya mafundi seremala inafaa. Uji wa unga unashika vizuri pia, ila ni chakula cha mende, ambao tayari wanaifurahia gundi ya kiwandani, kwa kuwa nayo kwa kawaida hutengenezwa kwa wanga.

Sakafu ya saruji huvuta unyevu kutoka ardhini, hivyo inua maboksi kwa matofali na mbao, au chaga za kitanda kilichostaafu. Pembe zisiangukie kwenye nafasi kati ya chaga, maana hapo umerudi kwenye kosa la kupishanisha. Acha pengo ukutani, hasa kwenye nyumba zilizojengwa kwenye miamba, ambako ukuta wa nyuma hukaribia mwamba na kupokea maji yake wakati wa masika. Pengo hilo pia linakuonyesha njia ya udongo ya mchwa kabla hawajafika.

Kufunga boksi kwa nailoni kunapunguza kule kupanda na kushuka kwa unyevu, mradi ulifunge likiwa limekauka, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenyewe. Ukilifunga katikati ya masika umefungia unyevu ndani pamoja na mashuka. Vanishi nayo huchelewesha mvuke, haiuzuii, na inahitaji kupakwa pande zote pamoja na kingo zilizokatwa, ambako watu wengi hupasahau na ambako vile vitundu vya mawimbi viko wazi.