Numbu chimba utakavyo, chikanda iache

Msimu wa kuchimba ukifika maswali ni yaleyale, mama wa Makete anauliza eti akibeba gunia la numbu, vile viazi vyetu vya kulima, kwenda sokoni Njombe atakamatwa? Hapana jamani. Numbu umelima mwenyewe, hailipiwi kibali cha maliasili. Kinachokatazwa ni chikanda, na kuvichanganya hivi viwili mimi kwa kweli sielewi, numbu ni ndefu kama kidole, ya kuchemsha ukanywea chai, chikanda ni kiazi cha ua la porini, okidi, cha mviringo, ukikikata kinateleza kama bamia.

Numbu panda vipande vyenye macho mvua zikianza, kwenye matuta, samadi mnajua wenyewe. Kuhifadhi ndo watu wanakosea. Usizioshe, usizianike juani, usichimbe shamba zima siku moja. Zilizokatwa na jembe kula leo leo. Nzima chimbia shimo pakavu, tandika nyasi kavu, funika, juu weka kibanda maji yasiingie, likiingia maji tu shimo lote linaoza.

Sasa chikanda. Kila mwaka kuna mtu anatuambia atapanda shambani ili aache kuchimba porini. Utapanda nini? Mbegu yake ni vumbi, haioti bila kuvu wake wa kwenye udongo, na ukishang'oa kiazi mmea ndo umekufa. Wenzetu Zambia wanatwanga, wanachanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, wanapika mpaka inakatwa slesi, ndo maana magunia yanaelekea Tunduma, mpakani na Zambia.

Kitulo ni hifadhi ya taifa toka 2005, ukichimba chikanda mle unashtakiwa kwa Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura 282. Na usiseme "mi nimechimba nje ya hifadhi", maana chikanda iko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, kuivusha mpaka lazima kibali, na kibali kinaombwa kabla ya kuchimba sio gari likishafika geti, unaeleza umetoa wapi na kiasi gani, mzigo unakaguliwa, unapata cheti cha afya ya mimea, ndo unaenda forodha. Kimoja kikikosekana mzigo unataifishwa, jalada linafunguliwa, na bodaboda iliyobeba inaweza kushikiliwa kama kielelezo mpaka kesi iishe. Kijana anakuja kulia ofisini kwetu kwamba alitumwa tu. Aliyemtuma hapokei simu.