Umeme na maji moto kutoka paneli moja: ugumu uko kwenye vipimo

Muuzaji akikuambia paneli yake ina ufanisi wa asilimia 80, muulize swali moja kabla hujamuuliza bei: maji yanaingia kwenye paneli yakiwa na nyuzijoto ngapi? Akikosa jibu, hiyo 80 haina maana yoyote. Kazi yangu ni kupima vifaa vya nishati ya jua, na naamini kwamba jambo kubwa lililofanywa na watafiti wa nchi mbalimbali kuhusu paneli zinazotoa umeme na joto kwa pamoja si kuvumbua paneli zenyewe. Ni kukubaliana namna ya kuzipima.

Tuanze na kitu chenyewe. Paneli ya sola tuliyoizoea hugeuza takriban moja ya tano ya nguvu ya jua kuwa umeme. Sehemu ndogo huakisiwa na kioo. Inayobaki, na ndiyo kubwa, inakuwa joto, na joto hilo linaidhuru paneli: seli za silikoni hupoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, ambayo ndiyo halijoto inayotumika kwenye vipimo vya kiwandani. Paneli iliyoandikwa wati 400, seli zake zikifika nyuzi 65 juu ya bati saa saba mchana, itakupa kama wati 345 hata jua likiwa kali kabisa. Basi watu wakafikiri hivi: tupitishe maji au hewa nyuma ya seli, tulivune joto linalopotea, na hapo hapo seli zipoe. Hiyo ndiyo paneli mseto, ambayo mafundi na watafiti huiita PVT.

Wazo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, kilijenga nyumba iliyoitwa Solar One, ambayo paa lake lilitoa umeme huku hewa iliyopita chini ya paneli ikichukua joto. Mwaka 1976 Martin Wolf alichapisha hesabu za mfumo wa namna hii kwa nyumba za kuishi. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba PVT ni uvumbuzi mpya hajafuatilia historia yake.

Kwa nini basi haikuenea haraka? Kwa sababu ahadi zake mbili zinagombana. Ukitaka maji ya nyuzi 60, seli lazima ziwe na joto kuliko hayo maji, maana joto halihami kutoka penye baridi kwenda penye moto. Hapo faida ya kupoza seli imeshakwisha. Ukitaka seli zibaki na nyuzi 30, utapata maji ya vuguvugu. Ile asilimia 80 ya muuzaji hupatikana maji yanapoingia baridi, karibu sawa na hewa ya nje. Kadiri yanavyopanda joto, ufanisi unashuka, na kwa paneli isiyo na kioo cha ziada unashuka kwa kasi. Isitoshe, hiyo namba imejumlisha umeme na maji ya vuguvugu. Ni sawa na kupima kilo ya karafuu na kilo ya muhogo kwenye mizani moja, halafu kudai una kilo mbili za mali.

Vurugu hii ya namba ndiyo iliyowakutanisha watafiti. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lina mpango wa utafiti wa kupasha joto na kupoza kwa jua, SHC, ulioanza mwaka 1977. Ndani yake kila suala hupewa mradi wenye namba na muda maalumu. PVT ilipata Task 35 kuanzia 2005 hadi 2007, chini ya uongozi wa Denmark, kisha Task 60 kuanzia 2018 hadi 2020, ikiongozwa na Jean-Christophe Hadorn wa Uswisi. Kila nchi hugharamia watafiti wake, wao hukutana mara kwa mara kulinganisha matokeo, na ripoti huwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Task 60 iligawa kazi mafungu manne: mifumo inayofanya kazi tayari, upimaji wa paneli, programu za kukokotoa, na mifano ya usanifu.

Fungu la upimaji ndilo linalonigusa zaidi. Chukua kosa moja tu linaloonekana dogo. Unapima joto la paneli bila kuvuna umeme wake. Nguvu ambayo ingetoka kama umeme inabaki ndani na kugeuka joto, na matokeo yako ya joto yanapendeza kuliko ukweli. Kwa hiyo umeme lazima uvunwe kwa nguvu yake ya juu kabisa wakati wote wa kupima joto. Kisha kuna upepo. Paneli isiyo na kifuniko, yaani kile kioo cha ziada, hubebwa joto lake na upepo, na hupoteza jingine kwa kulirusha angani. Maabara mbili zenye feni za mwendo tofauti zinaweza kuipa paneli ileile vyeti viwili visivyofanana. Kiwango cha ISO 9806 kinahusu upande wa joto, IEC 61215 kinahusu upande wa umeme, na PVT imekaa katikati ya viwango viwili vilivyoandikwa na watu wa fani mbili. Kuwakalisha watu hao meza moja ni kazi inayostahili heshima.

Paneli mseto zenye kioo cha pili juu hutoa maji moto zaidi, lakini zina hatari yake. Pampu ikisimama mchana, au hoteli ikikosa wageni, joto la ndani linaweza kupita nyuzi 150. Hiyo ni karibu na joto linalotumika kiwandani kuyeyusha plastiki inayoshika seli, kwa hiyo plastiki hulegea, hubadilika rangi, na hatimaye hubanduka.

Uswisi na Ujerumani walipata jibu zuri la ule ugomvi wa maji moto na seli baridi: pampu ya joto. Mashine hii haihitaji maji moto kutoka kwenye paneli. Kimiminika cha nyuzi 5 au 10 kinaitosha, yenyewe inalipandisha joto lake. Seli zinapoa kweli, joto linavunwa kweli, na wakati wa kiangazi joto linalozidi hurudishwa ardhini kwenye visima vya kuchotea joto ili visiishiwe. Wafaransa wamependa zaidi paneli za hewa. Kufikia mwisho wa 2020 dunia ilikuwa na zaidi ya mita za mraba milioni 1.2 za PVT, Ufaransa ikiongoza.

Je, kwetu? Kituo cha Afrika Mashariki cha nishati jadidifu, EACREEE, kilichopo Chuo Kikuu cha Makerere, kimejiunga na mpango wa SHC, kwa hiyo mlango upo. Ila tusichukue michoro ya Uswisi kama ilivyo. Mombasa au Dar es Salaam hatuhitaji kupasha nyumba joto. Tunahitaji maji ya kuoga ya nyuzi 40, na maji ya bomba tayari yana joto la kutosha kuanzia, kwa hiyo paneli isiyo na kifuniko inaweza kufika. Bwawa la kuogelea la hoteli Nairobi au Arusha, ambako maji ni baridi, linafaa zaidi: linataka joto la nyuzi chache, ila linalitaka kwa wingi.

Usiku nako kuna jambo. Wanafunzi wa Stuttgart walijenga nyumba kwa ajili ya mashindano ya Madrid mwaka 2010, na paneli zake za PVT zilipoza maji usiku kwa kutoa joto kama mionzi kuelekea angani. Madrid hewa ni kavu. Pwani yetu ina unyevu, na unyevu hurudisha chini sehemu ya mionzi hiyo, hivyo sitarajii makubwa Zanzibar. Dodoma wakati wa kiangazi ningepima kwa hamu.

Kwa chuo chochote cha ukanda huu kinachotaka kuanza, msiweke kipima jua peke yake. Wekeni kipima upepo kwenye kimo cha paneli, kipima mionzi ya joto itokayo angani, na vipimajoto viwili vya maji, pa kuingilia na pa kutokea, kisha rekodini usiku na mchana, mwaka mzima, masika na kiangazi.