Darubini nzito si lazima iwe imara
Miongoni mwa baadhi ya walenga shabaha kuna imani ya siku nyingi: bunduki yenye teke kali, tuseme inayotumia risasi kubwa ya kuwindia ya .375 H&H, inataka darubini ya kulengea iliyo kubwa na nzito. Kumbe ni kinyume. Bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, uzito wa darubini hugoma kuifuata: vishikio vinavyoifunga kwenye bunduki huteleza, skrubu hulegea, shabaha inapotea. Ndogo na nyepesi, ya ukuzaji wa mara 1 hadi 4, huhimili zaidi. Hakikisha tu kati ya jicho na darubini kuna nafasi ya sentimita 9 au zaidi, la sivyo itakuchana nyusi.

Na bunduki ya upepo ya springi usiidharau. Hiyo hurudi nyuma kisha mbele, ikavunja darubini ghali ambayo haikutengenezewa teke la pande mbili.