Kuona rekodi za akaunti yako hakuhitaji amri ya mahakama

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba benki ikikukata ada usizozielewa, huwezi kupata rekodi zake bila wakili na amri ya mahakama. Sivyo. Nchini Kenya, kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi zinazoshikiliwa na taasisi, benki zikiwemo. Kanuni za 2021 zinataka ombi lijibiwe ndani ya siku 7, bila malipo.

Barua yenyewe ni fupi. Jina, nambari ya akaunti, nakala ya kitambulisho, kisha: “Naomba nakala ya taarifa zangu zote kuanzia Januari 2020: miamala, ada, hesabu ya riba ya mkopo, na rekodi za simu nilizopiga.” Taja vitu hivyo kimoja kimoja. Ukiandika “naomba statimenti” tu, utapewa statimenti tu, na mara nyingi kiini cha dai kimo kwenye hesabu ya riba. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Akaunti ilishafungwa? Omba vilevile: sheria dhidi ya utakatishaji fedha inazitaka benki zitunze rekodi kwa angalau miaka 7.

Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Yanapaswa kukamilishwa ndani ya siku 90, na huko pia si lazima uende na wakili.