Wilson hakuwa bwana: uongo unaosimuliwa kuhusu uwanja wa ndege wa Lang'ata

Kila kundi jipya la wanafunzi wa urubani lina mmoja atakayenieleza, kwa uhakika kabisa, kwamba Uwanja wa Wilson ulipewa jina la rais wa Marekani. Mwenzake atasema hapana, ni gavana wa Kiingereza. Wa tatu ataleta rubani wa vita. Wanabishana, lakini hakuna anayetilia shaka kwamba Wilson alikuwa mwanamume. Mimi nimechoka.

Wilson alikuwa mama, mjane wa mlowezi, jina lake kamili Florence Kerr Wilson. Mwaka 1929 alitoa mtaji akaanzisha Wilson Airways hapa Nairobi pamoja na rubani Tom Campbell Black. Walianza na Gipsy Moth, ndege ya injini moja na viti viwili visivyofunikwa, upepo na vumbi vyote vyako.

Nikishasema hivyo, hakosi mtu wa kuuliza: "Si aliachiwa kampuni na marehemu mumewe?" Hapo ndipo ninapokasirika. Hapakuwa na kampuni ya kuachiwa! Wengine humpa Campbell Black sifa zote. Rubani hodari alikuwa, sikatai: mwaka 1934, yeye na C. W. A. Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne. Lakini alikuwa ameshaondoka Wilson Airways tangu 1932, na kampuni iliendelea bila yeye. Mwaka 1937 Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, ilipoanza kupitisha ndege zake za kutua majini Kisumu, kisha Mombasa na Dar es Salaam hadi Durban, Nairobi iliachwa kando. Waliochukua barua Kisumu na kuzileta Nairobi ni Wilson Airways.

Jina nalo linawachanganya. Uwanja ulifunguliwa 1933, lakini haukuitwa Wilson hadi 1962. Kabla ya hapo watu waliujua kama Nairobi West. Wakati huo Wilson Airways ilikuwa imekwisha zamani, kwa hiyo hakuna abiria wake aliyewahi kutua "Wilson". Nawaambia wanafunzi kila mara: andika miaka kwanza, hadithi baadaye. Hawaandiki.

Yaliyobaki hayahitaji maneno mengi.

Eti uwanja ulijengwa na jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilianza 1939, hesabu mwenyewe. Vita hivyo ndivyo vilivyoimaliza kampuni, maana serikali ilichukua ndege zake kwa kazi ya kijeshi na Wilson Airways haikurudi tena angani.

Eti Wilson Airways ndiyo iliyogeuka kuwa Kenya Airways. La. Baada ya vita ilikuja East African Airways, iliyoanza kuruka 1946 ikiwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Kenya Airways ilizaliwa 1977 shirika hilo la pamoja liliposambaratika, na mama Wilson hakuwa na mkono humo.

Na hili la mwisho, ambalo hata madereva wa teksi hunisomea: kwamba Wilson ilijengwa ili kuupunguzia uwanja wa Jomo Kenyatta msongamano wa ndege ndogo. Uwanja wa Embakasi, ndio Jomo Kenyatta wa leo, ulifunguliwa 1958. Wilson imeutangulia kwa miaka 25.