Ni Saa Ngapi Brazil? Dhana Potofu na Ukweli

Shabiki wa Dar es Salaam au Mombasa anayekesha kuangalia ligi ya Brazil ana kanuni moja kichwani: tofauti ni saa sita. Kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, kanuni hiyo ni tamu. Saa ya ukutani kule Rio de Janeiro ikisoma 4:00 alasiri, kwetu ni saa nne usiku. Ikisoma 7:00 jioni, kwetu ni saa saba usiku. Namba wanayoisoma wao ndiyo tunayoitamka sisi, kwa kuwa hesabu ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya kimataifa kwa saa sita, na Brasília, mji mkuu wa Brazil ambao saa zake ndizo Rio inazofuata, nayo iko nyuma yetu kwa saa sita zile zile. Kosa linaanza pale mtu anapodhani kanuni hiyo inashika nchi nzima, au kwamba imekuwa hivyo miaka yote.

“Brazil nzima inafuata saa za Brasília.” Hapana. Brazil ina kanda nne za saa. Ikiwa ni saa sita mchana Brasília, São Paulo na Salvador, kisiwani Fernando de Noronha tayari ni saa saba. Manaus na Cuiabá ni saa tano, na jimbo la Acre, mpakani na Peru na Bolivia, ni saa nne asubuhi. Ndiyo maana televisheni zao zikitangaza kipindi huongeza maneno “saa za Brasília”. Ukipanga kikao na mtu wa Manaus kwa kanuni ya saa sita, utamkosa kwa saa nzima.

“Wabrazili husogeza saa kila mwaka.” Walikuwa wakifanya hivyo: saa zote zilipelekwa mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi ili jioni ibaki na mwanga zaidi. Walianza mwaka 1931 chini ya Getúlio Vargas, kiongozi wa nchi wakati huo, wakaacha na kurudia mara kadhaa, kisha kuanzia 1985 ikawa desturi ya kila kiangazi chao, ambacho huangukia Desemba hadi Februari. Aprili 2019 Rais Jair Bolsonaro alisaini amri ya kuifuta, na haijarudi. Hata hivyo, baadaye mwaka huo huo, simu ambazo programu zake hazikuwa zimesasishwa ziliruka saa moja mbele zenyewe, zikawaamsha watu mapema bure.

Hata enzi hizo, si nchi nzima iliyosogeza. Majimbo ya kusini na katikati yalifuata. Kaskazini na kaskazini-mashariki kwa kawaida hayakufuata. Msomaji wa Mombasa ataelewa sababu upesi kuliko mtu wa Ulaya. Fortaleza iko karibu latitudo ile ile na Mombasa, takriban nyuzi 4 kusini ya ikweta. Huko, kama huku, urefu wa mchana haubadiliki sana Juni wala Desemba, kwa hiyo hakuna mwanga wa ziada wa kuuhamishia jioni. Porto Alegre, kwenye nyuzi 30, mchana wa Desemba hufika saa 14. Watu wa huko walikuwa na kitu cha kugawana.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba kusogeza saa huokoa umeme mwingi. Lengo halisi lilikuwa kupunguza mzigo wa ile saa ngumu ya jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, ambapo taa za barabarani, taa za nyumbani na bafu za maji ya moto ya umeme, ambazo Wabrazili wanazo katika nyumba nyingi, huwashwa kwa pamoja. Viyoyozi vilipoenea, kilele cha matumizi kikahamia alasiri, jua likiwa kali, na faida ya kusogeza saa ikayeyuka. Hilo ndilo lililotolewa kama sababu mwaka 2019. Tangu hapo paneli za jua zimeongezeka sana: zinabeba alasiri, kisha zinazima machweo, na jioni imerudi kuwa ngumu. Ukame wa 2024 ulipokausha mito inayowapa sehemu kubwa ya umeme wao, mwendeshaji wa gridi ya taifa alipendekeza saa zisogezwe tena. Oktoba serikali ikaamua haitafanya hivyo mwaka huo.

Watu wengine huamini saa ya mahali huamuliwa na ramani tu. Hao ningewapeleka Acre. Juni 2008, kwa sheria mpya, jimbo hilo lilisogezwa mbele ili liikaribie Brasília. Kwa jua la huko, hiyo ilimaanisha watoto kwenda shule gizani na vibarua kuamka usiku. Oktoba 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni na wengi wakataka saa yao ya zamani. Walisubiri hadi Novemba 2013 kurudishiwa. Kwangu huu ndio mfano mzito kuliko yote, maana ni nadra raia kuulizwa lini kwao kunakucha.

Lakini tangu uchaguzi wa 2022, vituo vyote vya kura nchini hufunguliwa kwa saa za Brasília. Brasília wanaanza saa mbili asubuhi. Acre milango inafunguliwa saa kumi na mbili alfajiri, na saa tisa alasiri kura imefungwa.