Pampu ikinguruma usiku bila bomba kufunguliwa

Ghuba ya Mikindani, huku Mtwara, hutulia sana usiku. Boti ikitia nanga pale, hata kusi likivuma huko nje, mtu aliyelala ndani husikia kila kitu: kamba ikisugua, samaki akiruka, na pampu ya maji. Ndivyo ilivyokuwa kwa nahodha mmoja anayepeleka wageni kuogelea na kutazama matumbawe. Saa nane za usiku pampu inanguruma sekunde mbili, inanyamaza. Baada ya dakika sita au saba inanguruma tena. Mabomba yote yamefungwa. Fundi aliyetangulia alishamwambia anunue pampu mpya, kwa hiyo aliponipigia simu asubuhi alikuwa na agizo tayari.

"Fundi, pampu imekufa. Njoo na nyingine."

"Haijafa, nahodha. Iliyokufa hainyanyuki usiku kufanya kazi."

"Sasa inafanya kazi gani na sote tumelala?"

"Inarudisha presha inayotoroka mahali. Nisubiri, tupatafute."

Kabla ya kueleza tulichokuta, niweke neno moja sawa. Nikisema maji matamu nina maana ya maji ya tenkini, ya kunywa, kupikia na kuogea. Wengine huyaita maji baridi, lakini kwenye boti yenye hita neno hilo linachanganya, maana kuna bomba la baridi na bomba la moto, na yote mawili ni maji matamu.

Mfumo wenyewe una pande mbili tu, na pampu ndiyo mpaka. Kuanzia tenkini hadi pampuni ni upande wa kuvuta. Kuanzia pampuni hadi kwenye kila bomba ni upande wa kusukuma. Pande hizi mbili huugua magonjwa tofauti kabisa. Upande wa kusukuma ukitoboka, maji hutoka nje. Upande wa kuvuta ukilegea, mara nyingi hakuna tone linaloonekana, bali hewa ndiyo inayoingia ndani. Mtu anayetafuta tone la maji kwenye upande wa kuvuta anaweza kupoteza siku nzima akipapasa hosi kavu. Kwa sababu hiyo sishiki bisibisi kabla sijajua hitilafu iko upande gani.

Pampu nyingi tunazokutana nazo ni za diaframu, yaani utando wa mpira unaovuta na kusukuma maji, volti 12, zenye swichi ya presha kichwani. Swichi huiwasha pampu presha ikishuka kufika karibu psi 25, vipimo vilevile vya tairi, na huizima ikifika psi 40 au 45. Ukifungua bomba, presha inashuka, pampu inawaka. Ukifunga, inasukuma kidogo, inajaza, inazima. Pampu inayojiwasha wakati mabomba yamefungwa inakwambia presha imeshuka, basi. Kuna njia mbili tu za presha kushuka: ama maji yanavuja mbele ya pampu, ama yanarudi nyuma kupitia vali za mpira za pampu yenyewe, kuelekea tenkini.

Njia ya kuzitenganisha ni koki moja. Funga koki iliyo mara tu baada ya pampu, kisha usikilize. Pampu ikinyamaza kabisa, uvujaji uko mbele ya koki. Ikiendelea kunguruma, tatizo ni vali za ndani ya pampu au kiungo kilicho kati ya pampu na koki. Boti ya Mikindani haikuwa na koki hiyo, kama zilivyo boti nyingi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuiweka. Koki ya nusu inchi ni kitu kidogo sana ukilinganisha na pampu mpya. Tuliifunga jioni, nahodha akalala, na pampu haikuinuka hadi alfajiri. Pampu ilikuwa nzima.

Asubuhi tulikausha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika, hadi mbao zikawa kavu, kisha nikatandika tishu nyeupe chini ya kila kiungo: sinki la jikoni, choo, hita, kila elbo, yaani kiungo cha kona. Tishu haidanganyi. Tone moja dogo kuliko punje ya mtama huacha duara juu yake, na duara hilo linakwambia kiungo kipi. Ngama peke yake si shahidi mzuri, kwa sababu maji ya bahari nayo huingia pale kupitia kwenye shafti inayozungusha panga la boti. Ukikuta maji humo na hayana mafuta, onja kwa ncha ya ulimi: yakiwa matamu, ni yako. Yakiwa na dizeli usionje. Chota kidogo kwenye kikombe, tia sabuni, utikise, maana maji ya chumvi hayatoi povu kirahisi.

Saa mbili zikapita, tishu zote kavu. Pampu bado inanguruma kila baada ya dakika sita. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kununua pampu. Maji yanatoka mfumoni lakini hayaingii botini, kwa hiyo yanakwenda baharini. Na kwenye boti ya wageni kuna mahali pamoja ambapo maji matamu yanaweza kwenda baharini bila kupita ngamani: bafu la nje, kule tezini, nyuma ya boti, wageni wanapojisuuza chumvi wakitoka kuogelea. Nilifungua kisanduku chake. Hosi ilikuwa imejikunja ndani, na pale inapoingia kwenye kishikio palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kila baada ya muda tone lilijikusanya kwenye ufa, likanenepa, likadondoka, likafuata tundu la kisanduku hadi baharini. Wageni walizoea kufunga kitufe cha kishikioni na kuacha koki ya nyuma yake wazi, hivyo hosi ile ilibaki na presha mchana kutwa juani mwezi hadi mwezi. Tulibadilisha hosi, nikamwomba nahodha awafundishe vijana wake kufunga koki ya nyuma kila jioni.

Upande wa kuvuta nao una dalili zake. Pampu inazunguka, sauti yake ni nyepesi na ya juu kuliko kawaida, maji hayaji au yanakuja yakitema hewa. Kwanza tazama tenki, kweli lina maji? Halafu chujio dogo lililo kabla ya pampu. Kifuniko chake cha plastiki kina oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, na mtu akiisafisha na kuirudisha ikiwa imepinda, hewa inapita hapo. Ni hitilafu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote, na karibu kila mara mwenye boti huniambia kwamba tatizo lilianza siku chache baada ya kusafisha chujio. Paka oringi mafuta kidogo ya silikoni, kaza kwa mkono, usitumie spana.

Kisha hosi yenyewe. Hosi laini ya bustani haifai upande huu. Kwa joto letu hulainika, pampu ikivuta inajibana kama mrija wa soda, na maji yanakatika. Tafuta hosi nene yenye nyuzi au waya ndani. Na isiwe ya kupitisha mwanga, maana jua likiipiga, ndani huota ukijani ndani ya wiki chache. Ila kipande kifupi cha hosi ya kuonea, kama sentimita 15, kabla ya pampu ninakipenda kwa uchunguzi. Ukiona viputo vinapita ndani yake, una uhakika hewa inaingia nyuma ya hapo. Songa kiungo kwa kiungo kuelekea tenkini.

Kuna boti moja iliyonisumbua kwa sababu ilikuwa nzima kila nilipoigusa. Ikiwa gatini, maji yanatoka vizuri. Ikitoka nje ya ghuba kuelekea Msimbati, mawimbi ya kusi yakiipiga ubavuni, bomba linatema hewa. Nilikaza klipu zote, nikabadilisha oringi, wapi. Mwishowe niliomba niende nao. Tukiwa nje, nikafungua kifuniko cha tenki na kumulika tochi. Tenki lilikuwa na maji chini ya nusu, na kila boti ilipolala maji yote yalikimbilia upande mmoja na kuuacha mdomo wa hosi ukinywa hewa. Hakukuwa na kiungo kilicholegea hata kimoja. Tulihamishia mdomo wa kuvutia katikati, sehemu ya chini kabisa ya tenki, na hapo ndipo nilipojifunza kuuliza kwanza: boti ilikuwa imesimama au inakwenda?

Tundu la kupumulia la tenki nalo hulaumiwa kidogo kuliko linavyostahili. Maji yakitoka, hewa lazima iingie. Nyigu wa udongo wa huku kwetu hupenda sana vitundu vile, na boti ikikaa mwezi bila kazi wanajenga. Maji yanatoka vizuri dakika moja, kisha yanadhoofika. Fungua kifuniko cha kujazia: ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na maji yakarudia nguvu, umeshapata jibu. Safisha tundu, ufunge kipande cha wavu mdomoni. Tenki laini la plastiki linaweza hata kubonyea ndani kwa sababu hii.

Vali za pampu zikiwa ndizo mbovu, zifungue kabla ya kuzihukumu. Niliwahi kukuta vinyuzi vya plastiki, vyeupe, vimejikunja kama nywele za mtoto, vimekwama chini ya mpira wa vali. Mtu alitoboa tenki kuweka kifuniko cha ukaguzi na hakusafisha alichokata. Nilivitoa, nikasuuza tenki, pampu ikashika presha.

Suala la nyuzi za viungo, yaani ile mizunguko ya kukazia kama ya skrubu, nalieleza kwa sababu limewatesa wageni wengi wa mashua za matanga wanaopita hapa. Vifaa vya dukani kwetu, Mtwara mjini na Lindi, vina nyuzi za kipimo cha Kiingereza. Pampu na vifaa kutoka Marekani vina nyuzi za Kimarekani. Kwa nusu inchi, vyote viwili vina nyuzi 14 kwa kila inchi, kwa hiyo vinaingiana, vinakaza, unaridhika. Lakini pembe ya uzi si moja: mmoja ni digrii 55, mwingine digrii 60. Baada ya siku mbili za mtikisiko vinaanza kulia machozi, na watu huongeza tepu nyeupe na kukaza hadi plastiki inapasuka. Dawa yake si tepu. Kata kiungo hicho, vaa kichwa cha hosi kinacholingana na pampu, na mpito ufanye kwa hosi na klipu. Hosi haina uzi wa kugombana nao.

Na mabomba yale ya kijani ya kuchomelea kwa joto, ya majumbani? Mafundi wa nyumba huyaleta botini kwa nia njema. Ukutani ni mazuri. Boti hujipinda na kutetemeka, nayo hayapindi, hivyo elbo hupasuka. Nikiyakuta siyang'oi yote, ila kila mwisho naweka kipande cha hosi ili upokee mtikisiko.

Pampu isiyowaka kabisa ni kazi ya mita. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6. Pima hapo, kisha pima kwenye waya za pampu huku imewashwa. Tofauti ikizidi volti 1, kuna waya mwembamba mno au kiungo kilicholiwa na chumvi. Menya waya: shaba ikiwa nyeusi au na unga wa kijani, kata hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Umeme ukifika na pampu isiwake, unganisha kwa muda waya mbili za swichi ya presha huku bomba likiwa wazi. Pampu ikizunguka, swichi ndiyo iliyokufa. Usiiache hivyo hata dakika moja bila kuisimamia, kwa sababu hakuna tena cha kuizima.

Kama kuna chupa ya kutunzia presha, zima pampu, fungua bomba maji yaishe nguvu, kisha bonyeza pini ya chupa kama ya tairi. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka. Ikitoka hewa, pima, na ujaze kwa pampu ya baiskeli hadi psi 2 hivi chini ya presha ya kuwashia.

Baada ya kufungua mfumo, usafishe. Dawa ya klorini ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, mililita 300 kwa tenki la lita 200. Pitisha hadi harufu isikike kwenye kila bomba, pamoja na lile la tezini. Iache kwa muda wa saa nne, kisha mwaga na kusuuza hadi harufu iishe. Usichanganye na siki wala tindikali yoyote, hutoa gesi inayoumiza mapafu, na usiitumie kwenye tenki la aluminiamu.

Kabla sijaondoka hufanya jambo moja zaidi. Nafungua bomba hadi pampu iwake, nafunga, nahesabu sekunde hadi izime, kisha naandika namba na tarehe kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kifuniko cha kabati la pampu, ili siku muda huo ukirefuka mwenye boti ajue kuna kitu kimebadilika. Ile ya Mikindani iliandikwa sekunde 4. Juzi nahodha alinipigia. Alikuwa amehesabu mwenyewe, akapata 7, na kabla hajanipigia alikuwa ameshafunga koki na kukausha ngama.